Mkwe Wangu Aliyepasuliwa Akiwa Macho

Nawasalimu akina mama wa Isongole, na nyie wababa mliokaa kule nyuma karibu na mlango wa kanisa kama watu wanaotaka kutoroka. Msitoke, sitakawia. Mimi si mtu wa kusimama mbele za watu, mnanijua. Mwenyekiti wetu aliponiambia niseme leo nilikataa, na aliporudi tena nilikataa tena. Nimekubali kwa sababu ya mama yetu yule aliyevunjika nyonga wiki hii. Yeye amelala ndani kwake, na ndugu zake wako nje uani wanabishana kama apelekwe hospitali au aachwe. Simtaji. Leo sitamtaja mtu yeyote. Ila hayo wanayobishania nimeyapitia, basi nitayasema yalivyokuwa. Mkisikia sauti yangu imekauka msidhani sina moyo. Nilikauka muda mrefu, na kwa kweli hadi leo kuna sehemu haijalowa.

Nianze na mume wangu. Alikuwa Zambia, kwenye migodi ya shaba, kama walivyokwenda wanaume wengi wa huku. Siku moja akaja mtu kutoka Tunduma, akaketi, akaomba maji, akanywa yote, ndipo akasema mwenzako amefariki. Walikuwa wameshamzika kule kule. Nililetewa koti lake na redio isiyo na betri. Watu walikuja wakalia siku za msiba, wakala, wakaondoka. Mimi sikulia. Ndugu zangu, nawaambia, haukuwa ujasiri ule. Nilikuwa sisikii kitu. Nilipalilia mahindi, nilichuma kahawa, nilipika, nilikoga, na yote niliyafanya kama kazi ya mtu mwingine. Ungenichoma mwiba ningeangalia damu tu inavyotoka. Wako waliosema nimerogwa, wako waliosema sikumpenda mume wangu. Niliyasikia yote. Hayakuniuma, na hilo ndilo lilikuwa baya.

Aliyebaki juu yangu alikuwa baba mkwe. Alikuwa mzee sana, hadi hakuna aliyejua umri wake. Vita vya kwanza vya Wajerumani na Waingereza vilimkuta tayari ana mke, akabebeshwa mizigo. Macho yalikuwa yamefifia, masikio yalisikia ukisema karibu. Mwanawe alipokufa, alituma neno kwangu kwa kaka wa marehemu, shemeji yangu mkubwa, kwamba mwanamke huyu asisumbuliwe, akae na watoto, shamba ni lake. Ndiyo maana mnaniona hapa.

Sasa nyie mnaijua desturi yetu Wandali, lakini naona hapa walimu, na nesi wetu mpya aliyetoka mbali, basi nieleze kidogo. Kwetu mke wa mtu hamtazami baba wa mumewe. Hazungumzi naye, hawakutani njiani, hawakai chini ya paa moja. Jina lake halitaji, hata maneno yanayofanana na jina hilo tunayakwepa na kutafuta mengine. Mtu wa nje anadhani tunachukiana. Hapana, ni heshima, na inatoka pande zote mbili, naye mzee anakukwepa wewe. Tangu nilipoolewa hadi siku ninayoisimulia, sikuwahi kumwambia mkwe wangu neno moja, wala yeye hakuwahi kuniambia mimi. Nilimjua kwa kikohozi chake. Chakula chake nilipika mimi na watoto wakapeleka.

Zamani haikuwa shida. Kila mji ulikuwa peke yake mlimani, njia ya wanawake kwenda mtoni ilikuwa yake na njia ya wazee yake. Shida ilianza tulipohamishiwa kijijini wakati wa ujamaa. Mnakumbuka nyumba zilivyopangwa kwa mistari kama madawati ya shule, barabara moja katikati, mitaro huku na huku. Hapo mkwe wangu na mimi tukawa tunakutana kutwa nzima. Yeye alikohoa kabla ya kutokea konani, mimi nikakimbilia uani kwa mtu. Viongozi waliotoka wilayani walitucheka. Walituambia ni mambo ya kizamani, na sisi tukaitikia ndiyo, tukaendelea kukimbia.

Asubuhi moja ya masika nilikuwa natoka kuteka maji. Ndoo iko kichwani. Mzee akatokea kati ya nyumba mbili bila kukohoa, sijui kwa nini, labda pumzi ilikuwa haitoshi. Nikageuka haraka nikatazama ua wa minyaa, nikavuta kanga usoni, nikasimama hivyo ili apite. Angepita tu. Lakini naye alinionea huruma kwa ule mzigo. Badala ya kupita akatoka barabarani ili mimi ndiye nipite, na hapo alipokanyaga palikuwa mtaro, udongo mpya, utelezi mtupu.

Sikuona. Nilisikia. Hakupiga kelele, alitoa sauti kama mtu aliyetua gunia. Halafu akaanza kuguna. Ndugu zangu, mtu wenu ameanguka nyuma yenu, hamtenganishwi naye hata na kiwanja cha kuanika kahawa, ninyi mnafanya nini? Mimi nilibaki nimetazama minyaa, ndoo kichwani, nikaanza kuita watu. Niliita hadi wakaja. Walipomwinua niliondoka kwenda kupika uji. Huo ndio ukweli wake.

Mguu mmoja ulikuwa umefupika na unyayo umelala ukitazama nje. Aliitwa mtaalamu wetu wa kuunga mifupa, akapapasa, akafunga vijiti vya mianzi, lakini aliwaambia wazi kwamba hapo juu nyongani mkono wake haufiki. Mzee akalala. Hakuweza kujigeuza, kikohozi kikaongezeka, na wajukuu waliokuwa wanamwosha wakasema ngozi ya mgongoni chini inaanza kuwa nyekundu. Shemeji akasema ni uzee tu, aachwe apumzike. Kisha siku ya pili akasema apelekwe. Kisha aachwe. Alikuwa anampenda baba yake na hakujua afanye nini, ndiyo maana alikuwa anafoka.

Aliyetutoa hapo ni mfanyabiashara mmoja wa Tunduma, Mwislamu, mtu wa Kigoma, aliyekuja na lori kuchukua mahindi. Aliuliza kwa nini watu wamejazana pale, akaambiwa. Akateremsha magunia yake nusu, akawaambia vijana, "Bismillahi, mpandisheni mzee taratibu. Mahindi hayaozi leo wala kesho." Wakamlaza juu ya magodoro. Shemeji akakaa kichwani kwake. Mimi nilipanda kwa sababu hospitalini mgonjwa anapikiwa na ndugu, na mwingine wa kupika hakuwepo. Nilikaa mwisho kabisa wa lori, mgongo nimewapa, natazama barabara tunayoiacha. Kila tulipopiga shimo nilimsikia anaguna. Hivyo hivyo hadi Mpemba, na kutoka hapo hadi hospitali ya misheni kule Mbozi.

Pale mapokezi karani aliniuliza, "Jina la mgonjwa?" Shemeji alikuwa amekwenda kutafuta machela. Nikanyamaza. Akauliza tena. Nikatazama chini. "Mama, wewe ni bubu?" Mama mmoja wa Kinyiha aliyekuwa kwenye foleni akacheka, akamwambia, "Huyo ni mkwewe, bwana. Hata ukimpiga hasemi. Andika Babu, umalize." Akaandika Babu. Na mnaweza kucheka, hakuna neno, mimi mwenyewe sasa nacheka. Siku ile sikucheka.

Walimpiga picha. Mfupa ulikuwa umevunjika kwenye shingo ya paja, pale unapoingia nyongani. Kulikuwa na daktari wa mifupa, mzungu, aliyekuwa akija hospitali ile mara moja moja, na wiki hiyo alikuwepo lakini alikuwa karibu kuondoka. Alikuja kutueleza akiwa na bwana wa usingizi, Mtanzania mwenzetu, mtu mpole mwenye kuongea polepole. Bwana wa usingizi ndiye anayemlaza mgonjwa anayepasuliwa, ile tunayoiita nusu kaputi. Shemeji alikaa nao kwenye benchi. Mimi nilikaa chini, kando, na masufuria yangu.

Bwana wa usingizi akauliza, "Mzee ana ugonjwa mwingine wowote? Kifua, moyo?"

"Baba yangu ni mzima," shemeji akasema. "Ana nguvu kuliko mimi."

Msimlaumu. Kwetu mtoto hasimami mbele ya wageni akaanza kuhesabu udhaifu wa baba yake. Ni kumvua nguo.

"Anapanda mlima bila kuhema?"

"Anapanda."

"Usiku analalaje?"

"Analala vizuri kabisa."

Nikasema, nikiwa natazama sufuria, "Analala ameketi. Akilala chali anakosa pumzi. Na miguu inavimba jioni."

Shemeji akanitazama kama nimemtukana. Lakini bwana wa usingizi alisogea, akachuchumaa karibu yangu, akauliza tangu lini, akauliza makohozi yana rangi gani, nikamjibu. Akasema asante mama, hayo ndiyo nilikuwa nayatafuta. Kisha akarudi kwenye benchi na akatueleza wote kwa maneno ninayoyakumbuka hadi leo, maana hakuna mtu aliyewahi kunieleza jambo zito bila kunificha.

Alisema njia ya kwanza ni kumwacha bila kumpasua, mguu ukavutwa kwa kamba na uzito, alale chali wiki nyingi sana. Kwa kijana inawezekana. Kwa mzee wa umri huu, mapafu yanajaa, mgongo unatoka vidonda, na wengi hawatoki kitandani. Njia ya pili ni kumpasua kwa nusu kaputi. Analala kabisa, hasikii wala hajui. Lakini dawa ile inalaza na pumzi, na kifua chake si kizuri. Anaweza asiamke, au akaamka akili ikachelewa kurudi, au isirudi yote. Njia ya tatu ni sindano ya mgongoni. Inatia ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini. Kifua kinabaki kinafanya kazi yake, naye anabaki macho. "Lakini hiyo nayo ina hatari yake," akasema. "Presha inaweza kushuka ghafla. Na lazima ajikunje na kutulia wakati ninachoma. Siwezi kuwaambia kwamba yoyote kati ya hizi ni salama. Ninawaambia tu kwamba hii ya mwisho siiogopi kama zile nyingine."

Shemeji akashika kichwa. Akasema wazee wa ukoo lazima wakae. Daktari akasema hakuna muda wa kwenda kwetu Ileje na kurudi. Shemeji akasema basi daktari aamue. Daktari akasema mgonjwa si wake.

Ndipo bwana wa usingizi akauliza, "Mmemuuliza mwenyewe?"

Ndugu zangu, nisikilizeni hapo. Tangu aanguke kwenye mtaro, tulikuwa tumembeba, tumemfunga mianzi, tumempakia kwenye lori, tumempiga picha. Kila mtu alikuwa amesema lake, na wala hakuna aliyemuuliza. Shemeji akajibu kwamba mzee kama yule haulizwi habari za kufa kwake, ni kama kumfukuza duniani. Bwana wa usingizi akasema, "Yeye ndiye aliyevunjika, bwana. Nenda kaulize, nakungoja."

Akaenda. Alikaa huko kitambo, akarudi macho mekundu. Akasema, "Baba amesema wapasue. Amesema hataki kulazwa usingizi. Anataka awe macho. Kama anakufa, anataka ajue."

Basi ikawa sindano ya mgongoni.

Kulikuwa na tatizo moja. Mzee hakujua Kiswahili zaidi ya salamu, na mle ndani walikuwa Wanyiha na yule mzungu. Wakati wa kuchomwa lazima aambiwe jikunje, tulia, usitikisike, na baadaye lazima aongeleshwe ili wajue hali yake kwa jinsi anavyojibu. Ilibidi aingie mtu anayejua Kindali. Shemeji akasema nitaingia mimi. Wakamvika gauni la kijani na kofia. Alipendeza kama askofu. Nikabaki kwenye benchi nje.

Haikupita muda nikasikia kishindo na vyombo vya chuma vinamwagika. Mlango ukafunguka, nikaona shemeji anatolewa, mmoja ameshika makwapa na mwingine miguu. Alikuwa ameiona ile sindano. Mtu aliyekuwa anaua nguruwe pori kwa mkuki! Wakamlaza benchini, wakammwagia maji. Yupo hapa, kule nyuma, anajijua, na amenipa ruhusa niseme.

Nesi akaniangalia. "Mama, wewe unajua lugha yake?"

Nikasema najua.

Shemeji akafungua jicho moja. "Hapana, shemeji. Huwezi. Yule ni mkweo."

"Basi ingia wewe," nikamwambia.

Akajaribu kuinuka, kichwa kikarudi benchini chenyewe.

Watu wakishuhudia huwa wanasema hapo nilisali, hapo Roho akanigusa. Mimi siwezi kuwadanganya ndani ya nyumba hii. Sikusali. Niliinuka kwa sababu sikuwa nahisi kitu, na mtu asiyehisi kitu hazuiwi na mlango wowote. Kama Mungu aliutumia hata ukavu ule, anajua yeye.

Nesi alikuwa Mnyiha, akaelewa bila kuelezwa. Alinivika gauni na kofia, akatundika kitambaa kati ya kichwa cha mzee na mimi. Nikasimama upande huu, naona kitambaa tu, nasikia pumzi yake upande wa pili.

Nikasema kwa Kindali, "Mzee, wanasema ujikunje, magoti yaje tumboni."

"Nani huyo?" akauliza.

"Ni mimi. Mama wa wajukuu zako. Shemeji ameanguka."

Nilisikia bwana wa usingizi anahamisha miguu yake akisubiri. Kisha mzee akasema, "Kumbe sauti yako ndiyo hii."

"Ndiyo, mzee."

"Nilidhani ni nyembamba zaidi."

Nikamwambia ajikunje kama mtu anayeota moto, ajikunje zaidi, sasa asitikisike hata kidogo. Hakutikisika. Baada ya muda akaniambia, "Waambie miguu yangu imeondoka." Nikawaambia. Bwana wa usingizi akamfinya huku na huku, akaridhika, akamwambia daktari aanze. Akanipa kazi yangu: "Mwongeleshe, mama. Usimwache anyamaze. Akianza kujibu ovyo au kuchelewa, niambie."

Nilikuwa sina la kumwambia. Kwa miaka yote hiyo kulikuwa na mengi, lakini siku hiyo sikupata hata moja. Yeye ndiye aliyeanza. Zikasikika nyundo, akauliza, "Wanajenga?"

"Wanapigilia chuma."

"Kwenye mfupa?"

"Kwenye mfupa, mzee."

"Mbona siumii." Akapumua. Halafu akauliza, sauti ile ile, "Na mwanangu? Yeye aliumia?"

Mjue kwamba wanaume walikuwa wamemwambia mzee kwamba mwanawe ameitwa na Mungu, basi. Mambo mengine hawakumwambia, walimwonea huruma. Aliyepewa habari yote na yule mtu aliyetoka Tunduma nilikuwa mimi, na mimi ndiye pekee ambaye hakuweza kuniuliza. Nikafikiri nimdanganye. Lakini alikuwa ameomba awe macho.

Nikamwambia mwamba ulimwangukia mchana, wakamtoa akiwa hai. Nikamwambia aliumia, ndiyo. Alifika hadi kesho yake. Aliomba maji, akauliza kama mahindi ya nyumbani yamepaliliwa. Nikamwambia na yale ya mwisho, kwamba alimwita baba yake. Hapo nilihisi uso una maji, nikadhani ni jasho la ile kofia. Ndugu zangu, nilikuwa nalia. Tangu koti lile liletwe, ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza. Nilihisi na mguu wangu unauma, kumbe nilikuwa nimesimama juu ya chombo kilichomwagika na sikujua.

Upande wa pili mzee alikuwa analia naye, polepole. Halafu sikumsikia.

"Mzee?" Kimya. "Baba?" Kimya. Nikapaza sauti, "Hajibu!"

Bwana wa usingizi alikuwa ameshaona. Presha ilikuwa imeshuka. Aliinamisha meza upande wa kichwa, akafungulia maji ya dripu yaende kwa kasi, akachoma dawa kwenye mpira wake, na mikono yake ikiwa inafanya yote hayo akaniambia, "Mwite! Mwite kwa nguvu!"

Nikaita mzee, nikaita baba mkwe, nikaita babu wa watoto wangu. Hakuna.

"Jina lake, mama! Mtu anaitika jina lake!"

Nikalitaja.

Sikulinong'ona. Nililitaja kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto, nikalitaja la kwake na la baba yake, na shemeji aliyekuwa benchini nje alilisikia, akakaa kitako. Mdomo wangu ulikuwa haujui jinsi ya kulitamka. Daktari alikuwa amesimamisha nyundo. Wote walisimama. Nilisukuma kitambaa, nikamshika mzee usoni kwa mikono yangu yote miwili, uso wa baridi, nikalitaja tena.

Akafumbua macho. Alinitazama mimi, ana kwa ana, na mimi nikamtazama.

"Nimesikia," akasema. "Mara moja inatosha."

Daktari akamaliza kazi yake. Sitawaambia kwamba ilikuwa rahisi kuanzia hapo. Kwa siku kadhaa jioni alichanganyikiwa, akamwita nesi kwa jina la marehemu mkewe na kumwuliza kwa nini amechelewa kutoka shambani. Walituambia kwa wazee inatokea, tumkalishe, tumwongeleshe, tumpe maji. Ikaisha. Na wodi ile ile alikuwepo mzee mwingine, mtu wa Kamsamba, aliyefanyiwa vile vile, kwa sindano ile ile na mikono ile ile. Huyo hakufika Jumapili. Niliwasaidia watu wake kufunga vyombo vyao. Nasema hili ili mtu asitoke hapa akidhani nimewaahidi kitu.

Mzee wetu walimsimamisha kwa magongo, akarudi nyumbani. Shemeji, akiwa bado na aibu yake, akaitisha wazee kwa ajili ya lile jina. Walitaka nitoe mbuzi wa kusafisha. Mzee akawasikiliza wote, kisha akasema, "Aliyeniita ndiye aliyenirudisha. Anayeona vibaya, siku nikiondoka tena aniite yeye, tuone kama nitaitika." Kikao kikafungwa. Nasi tukarudia heshima yetu kama zamani, hatukuzungumza tena. Ila jioni, akikaa ukutani kwake na mimi nikiwa jikoni kwangu, nililia nilipotaka kulia, na nilijua anasikia, naye alijua najua.

Alivuna kahawa misimu miwili akiwa ameketi, anachambua buni kwa vidole. Kisha akafa, mchana, ameketi juani. Sikusubiri kuambiwa na mtu. Nililia nikasikika hadi barabara ya Mpemba.

Namshukuru yule mwenye lori popote alipo. Namshukuru nesi kwa kitambaa chake, na daktari, na yule bwana wa usingizi ambaye hakunidanganya. Namshukuru shemeji yangu kwa kuanguka. Namshukuru Mungu, aliyenipokea kavu kama nilivyokuwa.

Na sasa wewe binti wa mama yetu, uliyekaa hapo katikati na unatazama sakafu. Mimi siwezi kukuambia umpeleke au umwache. Sijui nusu kaputi, sijui sindano, sijui moyo wake ukoje. Watakueleza wenye kujua, na uwaambie ukweli wote wa kikohozi chake, usione aibu. Lakini tangu Jumatano nimepita uani kwenu kila siku, nimesikia wajomba wanasema, kaka zako wanasema, mchungaji amesema. Sijamsikia yeye. Ana akili zake, anasikia kila neno kupitia ukuta ule, na anawangoja. Inuka, mwanangu. Sisi tutaimba wimbo wa kufunga bila wewe. Nenda kamuulize.